Nyimbo Tunazoimba: Mchungaji Robert Lowry na Mto wa Maji Safi

Katika ukurasa huu tunaendelea kutazama nyimbo tunazoimba kila Siku ya Mungu, kusudi tujue zimetoka wapi na ni nani aliyezitunga. Wengi wetu tunaujua wimbo kwa namba yake tu. Mwongozi anataja namba, tunafungua kitabu, tunaimba, tunaketi. Lakini kila wimbo una baba yake au mama yake, tena una siku yake ya kuzaliwa.

Mara hii tunamtazama mtu ambaye nyimbo zake ziko katika vitabu vingi vya Kiprotestanti kwa Kiswahili, tangu Kenya na Tanzania hata huku kwetu Kongo ya mashariki. Tunaziimba kwenye meza ya Bwana, tunaziimba Pasaka, tunaziimba matangani. Lakini ukiuliza jina lake hapa Wamaza, au Kasongo, au Kabambare, ni wachache watakaojibu. Aliitwa Robert Lowry, mchungaji wa Kibatisti wa Marekani.

Alikuwa nani?

Robert Lowry alizaliwa tarehe 12 Machi 1826 katika mji wa Philadelphia. Alipokuwa kijana wa miaka 17 aliamua kumfuata Yesu, akaingia katika kanisa la Wabatisti. Wabatisti ni wale ndugu wanaobatiza mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, na wanamzamisha mzima katika maji, kama vile makanisa mengi ya huku yanavyofanya mtoni. Mara moja kijana huyo akaanza kazi: kufundisha watoto masomo ya Siku ya Mungu na kuimba katika korali. Hakungoja apewe cheo kwanza.

Baadaye alikwenda kusoma katika chuo cha Lewisburg, jimbo la Pennsylvania, chuo ambacho leo kinaitwa Bucknell. Alimaliza mwaka 1854, akawekwa kuwa mchungaji. Alichunga kanisa la West Chester, kisha kanisa katika mji wa New York, kisha tangu 1861 hata 1869 kanisa la Hanson Place huko Brooklyn. Kutoka hapo alirudi Lewisburg, akawa mchungaji na mwalimu wa chuo pamoja. Mwisho alichunga kanisa la Plainfield, jimbo la New Jersey, na huko alifariki tarehe 25 Novemba 1899, akiwa na miaka 73. Hesabuni wenyewe: ni miaka 45 tangu alipoanza uchungaji.

Sasa, vijana wa korali, sikilizeni neno hili. Lowry alitunga muziki wa nyimbo karibu 500. Lakini yeye mwenyewe alisema mara nyingi kwamba kazi yake ni kuhubiri, na kwamba muziki ni kazi ya pembeni. Alipenda zaidi kuhubiri Neno mbele ya watu wanaosikiliza kuliko kutunga wimbo. Hakuanza kwa kusomea muziki. Alipoona kwamba watu wanazipenda nyimbo zake, ndipo akanunua vitabu na kujifunza muziki vizuri zaidi. Tena hakuwa na saa maalum ya kutunga. Neno au sauti ikimjia njiani, aliandika palepale, mara pembeni ya gazeti, mara mgongoni mwa bahasha. Kumbe nyimbo ambazo dunia nzima inaimba ziliandikwa kwanza juu ya karatasi ambayo mwingine angefungia karanga!

Siku ya joto, Julai 1864

Wimbo uliomjulisha kwa watu ni ule wa mto, ambao ndani yake watu wanaulizana kama watakutana mtoni, pale malaika walipokanyaga. Aliutunga huko Brooklyn, mwezi wa Julai 1864.

Wakati ule Marekani ilikuwa katika vita vikubwa, watu wa kaskazini na watu wa kusini wakiuana. Vita vilianza mwaka 1861, na shina lake lilikuwa utumwa wa watu weusi. Katika mwaka ule wa 1864, kaburi halikuwa jambo la mbali kwa nyumba nyingi za Marekani.

Lowry mwenyewe alieleza jinsi wimbo ulivyokuja. Siku ile joto lilikuwa kali sana, na mwili wake umechoka. Alikuwa amejinyosha, mawazo yake yakaanza kwenda kwenye mambo ya mwisho, kwenye kitabu cha Ufunuo: kile kiti cha enzi, ule mto, wale watakatifu waliokusanyika. Ndipo swali likamjia: kwa nini watungaji wa nyimbo wamesema mengi namna hii juu ya mto wa mauti, na wamesema machache tu juu ya mto wa uzima, ule mto safi kama kioo ambao Ufunuo 22:1 unasema unatoka katika kiti cha Mungu na cha Mwana-Kondoo?

Maneno yakaanza kuja. Kwanza kama swali: je, tutakutana? Kisha kama jibu: ndiyo, tutakutana. Akaketi kwenye kinanda, maneno na sauti vikaja pamoja. Ndiyo sababu wimbo ule umejengwa hivyo: ubeti unauliza, kiitikio kinajibu. Sisi watu wa huku tunaijua sana namna hiyo ya kuimba. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Mpiga kasia anaanza, watu wa mtumbwi wanaitika. Pengine ndiyo sababu wimbo ule uliingia upesi katika vinywa vya Waafrika, ingawa ulizaliwa mbali.

Wimbo ulitiwa katika kitabu mwaka 1865, na kwa upesi watoto wa masomo ya Siku ya Mungu wakawa wanauimba, kisha wakubwa. Ukaimbwa kwenye ubatizo, ukaimbwa kwenye maziko.

Mto mmoja, mito miwili

Wapendwa, tusiache jambo hili lipite upesi, maana sisi pia ni watu wa mto. Tuna Lualaba, tuna Luama inayoingia katika Lualaba, tuna vijito vingi ambamo baba zetu walivua samaki.

Miaka saba baada ya Lowry kuutunga wimbo wake, mwezi uleule wa Julai, jambo la kutisha lilitokea kwenye ukingo wa Lualaba, pale Nyangwe, si mbali na Kasongo. David Livingstone alikuwa amefika Nyangwe mwezi wa Machi 1871. Tarehe 15 Julai ilikuwa siku ya soko. Watu wengi walikuja na bidhaa zao, zaidi wanawake. Watu wenye bunduki, waliokuwa wafuasi wa wafanya biashara ya pembe na watumwa, wakaanza kupiga risasi katikati ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengine wakajitupa katika maji. Livingstone aliandika kwamba wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikufa maji. Yeye mwenyewe aliona vichwa vya watu juu ya maji, vikizama kimoja kimoja.

Siandiki haya kusudi mtu amlaumu jirani yake wa leo. Hapa Maniema, Wakristo na Waislamu tunaishi kijiji kimoja, tunaoleana, tunazikana. Wale walioshika bunduki siku ile wamekwisha kwenda mbele ya Mungu, naye ndiye mwamuzi wao. Ninaandika kusudi mjue kwamba babu zetu waliujua mto wa mauti kwa macho yao. Hawakuhitaji mtu wa kuwaimbia juu yake.

Na angalieni njia za Mungu. Kiswahili hiki tunachokiimba, kiliingia huku pamoja na misafara ileile kutoka Zanzibar na pwani. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo. Mwaka 1876 Stanley alipotoka Nyangwe kufuata mto, Tippu Tip alikwenda naye kipande cha safari. Lugha iliyotumiwa kuhesabu pembe na kuamuru wapagazi, leo ndiyo lugha ambayo bibi zetu wanamwitia Mwokozi. Na katika lugha hiyo tunaimba wimbo wa mto, ule wa maji safi. Mungu hakutupa lugha ile, aliisafisha.

Leo mto wetu una shida nyingine. Ninyi wa Namoya na Salamabila mnaijua. Tangu asubuhi hata jioni vijana wanaosha mchanga, na maji yanashuka mekundu kama udongo wa tofali. Mama anatoka na bidoni yake, anapita kijito cha kwanza, anapita cha pili, anatafuta mahali ambapo maji yanaweza kunywewa. Tena mwaka hata mwaka kuna vijana ambao shimo limewafunika. Wakati mwingine tunaitwa kuzika na hatuna mwili wa kuzika, kuna udongo tu uliokwisha kufunga. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia matangani: “Mchungaji, leo usituhubirie kifo. Kifo tumekiona. Tuambie kilicho ngambo.”

Mzee yule hakumjua Lowry, lakini swali lao ni moja. Kanisa linaloimba juu ya mto wa mauti peke yake linawaambia watu jambo wanalolijua tayari. Kazi yetu ni kuwaambia pia habari ya mto wa uzima. Nalo si jambo la kusahaulisha maumivu. Mtu anayeamini kwamba Mungu anapenda maji safi kama kioo, ataona haya kuchafua kijito ambacho jirani yake wa chini anakunywa.

Mama wa nyumbani na mchungaji wake

Katika kanisa la Hanson Place mlikuwa na mama mmoja, Annie Hawks. Alizaliwa mwaka 1835. Alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto watatu, si mwalimu mkubwa wala mtu wa cheo. Lakini tangu utoto alipenda kuandika mashairi. Mchungaji wake, Lowry, aliona karama ile. Alimtia moyo aendelee kuandika maneno, naye atayatilia muziki.

Mwaka 1872, siku moja mama huyu alikuwa katika kazi za nyumba. Palepale kati ya kazi aliona kwamba Bwana yuko karibu naye sana, akajiuliza mtu anawezaje kuishi bila yeye, katika furaha au katika huzuni. Akaandika maneno ya wimbo ule wa kusema kwamba ninamhitaji Bwana kila saa. Alimpa Lowry. Lowry akatunga sauti, tena akaongeza kiitikio. Mwezi wa Novemba mwaka uleule uliimbwa mbele ya mkutano wa Wabatisti huko Cincinnati, kisha ukaenea dunia nzima.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1888 mume wa Annie Hawks alifariki. Baadaye mama huyu alisema kwamba wakati alipoandika wimbo ule hakuelewa kwa nini uliwagusa watu namna hii, maana aliuandika siku ya furaha. Ni baada ya kivuli cha mauti kuingia nyumbani mwake ndipo alielewa ile nguvu ya kufariji iliyokuwa ndani ya maneno yake mwenyewe. Mama huyu aliishi hata mwaka 1918.

Wachungaji wenzangu, tujifunze hapa. Lowry alikuwa mtu wa chuo, lakini hakuona haya kutunga muziki juu ya maneno ya mama anayefagia nyumba. Alifanya vilevile na Fanny Crosby, mama kipofu wa New York, ambaye maneno yake ya mwaka 1875, juu ya Mwokozi anayeniongoza njia yote, Lowry aliyapa sauti tunayoimba hata leo. Je, katika kanisa lako kuna mama anayeimba shambani nyimbo ambazo hakuna kitabu kinachozijua? Umewahi kumwita na kumwambia: “Mama, keti, imba, sisi tutaandika”? Wamama wengi wana karama, lakini hakuna mtu anayewauliza.

Mama anayemtafuta mtoto

Mwaka 1877 Lowry aliandika wimbo ambao wengi huku hawaujui, lakini ninafikiri unatuhusu kuliko zote. Ndani yake mzazi anauliza: mtoto wangu anayetangatanga yuko wapi usiku huu? Anakumbuka jinsi alivyokuwa mdogo, magotini, akisali. Sasa amekwenda, na mzazi anaomba watu wamtafute popote alipo, wamwambie kwamba bado anapendwa. Wimbo huo uliimbwa sana katika mikutano ya watu waliopigana na ulevi.

Ndugu, ni nyumba ngapi za Kabambare na Kasongo ambazo usiku zinauliza swali hilo? Kijana anaondoka mbele ya jua kutoka, anabeba koleo na shuka. Anasema: “Mama, nakwenda mwezi mmoja tu.” Mwezi unakuwa mwaka. Habari zinakuja vipande vipande: ameonekana kwenye shimo fulani, amepata dhahabu, ameoa huko, amefungwa, anakunywa sana. Mama anasikia na kunyamaza.

Wazazi wengine wanapopata habari mbaya wanasema: “Huyo si mtoto wangu tena.” Mzazi wa wimbo wa Lowry hasemi hivyo. Anajua mtoto amepotea, tena anatuma watu. Ni kama yule baba wa Luka 15, ambaye macho yake hayakutoka njiani. Makanisa yetu ya karibu na machimbo, tuko na kazi hapa. Tusingoje vijana wavae shati safi na kuja katika ibada. Twende kwenye mashimo jioni, wakati wa kuota moto, tuulize majina, tuulize kijiji, tubebe salamu. Kuna kijana ambaye atarudi nyumbani kwa sababu mtu mmoja alimwambia: “Mama yako anakusalimia, mlango haujafungwa.”

Damu na kaburi tupu

Nyimbo nyingine mbili za Lowry mnazijua zaidi. Moja inauliza ni nini kinachoweza kuosha dhambi, na jibu lake ni moja tu tangu mwanzo hata mwisho: damu ya Yesu. Wimbo huo ulitoka katika kitabu mwaka 1876, mwaka uleule ambao Stanley na Tippu Tip walitoka Nyangwe. Msingi wake ni Waebrania 9:22. Muziki wake una sauti chache, mtoto anaushika mara ya kwanza. Na jibu ni fupi makusudi, kusudi hata asiyejua kusoma aweze kuitika.

Watu wa dhahabu mnajua kazi ya kuosha. Mnaosha mara ya kwanza, mnaosha mara ya pili, udongo unakwenda na maji, kizito kinabaki. Lakini hakuna karai linaloosha moyo. Mtu anaweza kuwa na pesa, akatoa sadaka kubwa, akanunulia korali bafle na gitare, na bado mikono yake ina damu ya mwenzake waliyepigania naye shimo. Nimesikia wengine wakisema: “Amesaidia kanisa sana, tusimguse.” Wimbo wa Lowry unakataa. Hausemi damu ya Yesu pamoja na sadaka yangu. Tunamshukuru mtoaji, lakini tunampa habari ileile tunayompa mwizi: tubu, uoshwe.

Wimbo wa pili ni ule wa Pasaka, wa Yesu aliyelala kaburini kisha akafufuka. Lowry aliutunga mwaka 1874 huko Lewisburg, wakati wa Pasaka, baada ya kusoma Luka 24, pale malaika wanapowauliza wanawake kwa nini wanamtafuta aliye hai kati ya wafu. Mabeti ni ya polepole, sauti ya chini, kama watu wanaokaa karibu na kaburi. Kisha kiitikio kinaruka juu, upesi, kama mtu anayesimama. Waongozi wa korali, musiharibu jambo hili. Siku hizi korali nyingine zinaimba mabeti kwa mwendo uleule wa kiitikio, ngoma inapigwa tangu neno la kwanza. Hapo ufufuo unapoteza nguvu yake, sababu hatukukaa kwanza kaburini. Imbeni mabeti polepole. Acheni watu wasikie jiwe lilivyo zito. Ndipo mkifika kiitikio, pigeni ngoma yote mliyo nayo.

Kitabu cha “Dhahabu Safi”

Mwaka 1868 alifariki William Bradbury, mtungaji mkubwa wa vitabu vya nyimbo za watoto. Watu waliokuwa wakichapa vitabu wakamwita Lowry ashike kazi ile, pamoja na William Doane, Mbatisti mwingine, ambaye hakuwa mchungaji bali mwenye kiwanda huko Cincinnati. Mwaka 1869 walitoa kitabu kimoja, na mwaka 1871 wakatoa kingine walichokiita “Pure Gold”, maana yake Dhahabu Safi.

Ninapenda jina hilo. Ninyi mnajua ni kazi gani kupata gramu moja safi: kuchimba, kubeba, kuponda, kuosha, na bado mnunuzi anatazama, anasema ina uchafu. Lowry na Doane walichagua jina hilo kwa nyimbo za watoto. Kwa macho yao, wimbo mzuri katika kinywa cha mtoto wa miaka sita ni hazina ya kanisa. Na ni kweli, maana wimbo uliojifunza utotoni hauibiwi. Tumewaona wazee waliosahau majina ya wajukuu wao, lakini ukianza wimbo wanaitika hata ubeti wa mwisho. Wengine walikimbia vita na kuacha nyumba, mbuzi na Biblia, wakafika porini na nyimbo tu katika kichwa. Nyimbo hizo ndizo zilikuwa kanisa lao.

Je, ni nyimbo za wazungu?

Vijana wanatuuliza: “Mchungaji, kwa nini tuimbe nyimbo za wazungu? Tuna nyimbo zetu.” Ni swali la haki, nami sitalitupa.

Kwanza, ni kweli kwamba tunahitaji nyimbo zetu. Lowry hakukaa kuimba nyimbo za babu zake tu. Aliandika katikati ya joto la Brooklyn, wakati wa vita ya nchi yake, tena pamoja na mama wa kanisa lake. Mtu anayemfuata Lowry vizuri ataandika juu ya Luama, juu ya shimo, juu ya mama anayetafuta maji. Kwa hiyo kijana akisema anataka kutunga, tusimzuie. Tumwulize maswali mawili: maneno yako yanasema kweli ya Biblia? Na bibi aliyekaa nyuma anaweza kuitika?

Pili, wimbo ukiisha kuimbwa na babu yako kwenye kaburi la mtoto wake, umekuwa wa nyumba yako. Hakuna mtu anayesema muhogo si chakula chetu eti kwa sababu ulitoka ngambo ya bahari. Tumeulima, tumeutwanga, tumelea watoto nao. Basi nyimbo za Lowry nazo zimekwisha kulimwa katika udongo wetu.

Shida yetu kubwa siku hizi haiko katika wimbo wa zamani au wimbo wa sasa. Shida ni kwamba katika makanisa mengine korali nne au tano zinaimba zikifuatana, kila moja inataka kushinda nyingine, na kanisa linaketi kutazama kama watu wa mpira. Nyimbo za Lowry zilitungwa kusudi wote waimbe. Nawaomba wazee wa makanisa: kila ibada, wekeni angalau nyimbo mbili ambazo kila mtu ataimba, hata mgeni, hata mtoto, hata yule kijana aliyetoka machimboni jana na hana kitabu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Someni Ufunuo 22:1-5. Mto wa Mungu unafanana namna gani na mito yetu? Unaachana nayo wapi? Tunaweza kufanya nini kusudi jirani wa chini apate maji mazuri?

2. Katika jamaa yenu, ni nani ambaye yuko mbali na hamjapata habari zake? Ni nani anayeweza kumpelekea salamu mwezi huu?

3. Wazazi, fundisheni watoto wimbo mmoja wa kitabu, mabeti yote, bila kitabu. Kila usiku ubeti mmoja. Mwisho wa mwezi waimbe mbele ya babu na bibi.

4. Vijana wa korali, tafuteni mama au mzee mmoja anayejua wimbo ambao haujaandikwa. Andikeni maneno yake kwa daftari, pamoja na jina lake na mahali alipojifunzia.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasimulia habari za Fanny Crosby, yule mama kipofu. Mkae na amani ya Bwana.